Kila jino analookoa linamrudisha nyuma

Saa moja kasorobo asubuhi, taa za korido bado zinawaka. Mwanamke wa miaka ishirini na saba anafungua jokofu dogo la maabara kwa ufunguo anaouvaa shingoni. Anatoa chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyovalishwa kitambaa cheupe. Kwenye kitambaa hicho yametariziwa maneno kwa uzi mwekundu: MENO. USICHEMSHE.

Anafunua, anahesabu. Ishirini na nane. Jana jioni yalikuwa ishirini na nane, na ufunguo mwingine haupo, lakini anahesabu. Anabadilisha maji ya chumvi, anaandika tarehe kwenye daftari, anafunga.

Kisha anavaa koti jeupe na kushuka ngazi hadi kliniki ya meno. Kwa saa saba na nusu za kliniki kazi yake itakuwa kuwashawishi watu wasing'oe meno ya aina ile ile anayoyakusanya.

Wenzake wanamwita Bi Chupa. Yuko mwaka wa mwisho wa mafunzo ya udaktari wa meno, na wakati huo huo anasomea shahada ya uzamili ya utafiti. Chuo chao huwaruhusu wanafunzi wachache wenye alama nzuri kuzibeba zote mbili kwa pamoja. Darasa lao lina watu thelathini na wanne. Walioanza safari hiyo walikuwa wanne. Wawili waliacha ndani ya mwaka wa kwanza, mmoja amekwisha kuwasilisha tasnifu yake. Amebaki yeye, na zimebaki siku kumi na tisa za kuwasilisha yake.

Siku alipojiandikisha, kaka yake, fundi wa magari, hakumficha. “Mshika mawili moja humponyoka,” alimwambia. “Wewe unataka kushika meno thelathini na mawili ya kila mtu. Tutaona yatakayoponyoka.”

Kliniki huanza saa moja na nusu asubuhi na kwisha saa tisa. Saa tisa na nusu yuko maabara hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Huko hukata meno vipande vyembamba, huyagandisha na kizibo, ile dawa ngumu ya kujazia shimo la jino, kisha huyafunga kwenye mashine inayovuta mpaka jino na kizibo viachane. Mashine huandika ni nguvu kiasi gani iliyohitajika. Wakati huo huo daftari la mafunzo linamtaka awe ameziba meno sitini, ametibu mizizi ya meno manane na ametengeneza seti nne za meno ya bandia kabla ya mtihani wa mwisho. Tangu aanze amepungua kilo sita. Hilo hulitaja kwa sauti ile ile anayotajia joto la jokofu.

“Swali langu ni dogo,” anasema. “Jino limeoza nusu. Umelikwangua kwa mkono, kwa sababu ulipo hakuna umeme na hakuna mashine. Una vizibo vya aina mbili. Kipi kitashika?”

Ili kulijibu anahitaji magego yaliyooza, lakini ambayo uozo haujafika kwenye mshipa wa ndani. Na hapo ndipo mgogoro wake unapoanzia, kwa sababu gego la namna hiyo halipaswi kung'olewa. Linazibwa, na mwenye nalo analitafunia miaka mingine ishirini.

Kwa hiyo kila jino lililomo ndani ya chupa limetoka kwa mtu aliyeambiwa kwamba jino lake linapona, akakataa. Kuna aliyeshindwa kupata ruhusa ya pili kazini. Kuna aliyekuwa amekesha siku nne na hakutaka kusikia habari ya kurudi. Kuziba kunataka safari mbili, pengine tatu. Kung'oa ni siku moja, unatoka na pamba mdomoni, mambo yamekwisha.

Kamati ya maadili ya utafiti ilimpa masharti matatu. Asing'oe kwa mkono wake jino litakaloingia kwenye utafiti. Asimshawishi mtu kung'oa. Na jino lisiingie kwenye chupa mpaka mwenyewe awe ameshang'olewa katika chumba namba tatu, na ametia saini kulitoa.

“Sijavunja hata moja,” anasema. Anainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. “Nimeyasoma mara nyingi. Hata moja.”

Chupa ya sasa ni ya pili. Ya kwanza ilijazwa kwa miezi kumi na sita. Utafiti ulidai meno arobaini na manane, na aliyapata yote arobaini na manane. Kumi na saba alikuwa amekwisha kuyakata na kuyapima. Thelathini na moja yalikuwa yanangoja zamu yao.

Alhamisi moja jokofu la maabara liliharibika. Alitafuta mahali penye ubaridi akapata chumba cha vyombo safi, chenye kiyoyozi. Watumishi wengine hawapendi kuona meno ya watu yakielea kwenye maji, kwa hiyo aliifunika chupa. Alichukua kitambaa kilichokuwa karibu, akaifunga vizuri, akaiweka rafuni. Kitambaa kilikuwa cha kijani.

Katika hospitali ile kila anayegusa vyombo anajua maana ya kijani. Kilichofungwa kijani kimeshaoshwa na kupangwa, kinangoja mashine ya mvuke. Hakifunguliwi tena njiani. Yeye alilijua hilo tangu mwaka wa tatu; amewahi hata kuwafundisha wanafunzi wa miaka ya chini.

Muuguzi wa chumba cha mvuke ana miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo. Aliingia saa nane mchana, akakuta furushi la kijani rafuni, akalipakia pamoja na mengine. Nyuzi mia moja ishirini na moja, dakika ishirini. Alipofungua mlango wa mashine maji yalimwagika miguuni mwake, na vipande vya kioo vikafuata.

Mvuke hauliangamizi jino. Ukilitazama utaona limepauka kidogo, basi. Lakini nyama yake ngumu ya ndani huwa imebadilika, na kipimo chochote cha namna kizibo kinavyoshika hakiaminiki tena. Meno thelathini na moja yakawa takataka.

“Niliona furushi zito, nikajua ni chupa ya maji ya kuoshea vidonda,” anasimulia muuguzi huyo. “Kijani ni kijani. Mimi nilifundishwa nisifungue kilichofungwa. Yule binti aliposimama mlangoni nilijua kuna jambo, maana hakusema shikamoo, na yule hawezi kunipita bila shikamoo.”

Alisema nini?

“Aliniuliza, ‘Mama, imeingia saa ngapi?’ Nikamwambia saa nane na kumi. Akaandika. Basi. Nilitamani anitukane.”

Siku tatu baadaye muuguzi alileta kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe nyumbani. Hakuna aliyeshtakiwa. Kwenye taarifa ya tukio, sehemu ya aliyesababisha, Bi Chupa aliandika jina lake.

Alianza upya. Miezi kumi imepita tangu siku hiyo, na katika miezi hiyo ndipo lilipotokea jambo ambalo yeye analiona zito kuliko mvuke.

Tangu mwanzo alikuwa na mazoea ya kuandika kila mgonjwa aliyemwona katika chumba cha uchunguzi akitaka kung'oa jino linalozibika: tarehe, jino, na neno moja, “amekubali” au “amekataa”. Hakuna aliyemtaka aandike. Jioni moja alijumlisha.

Kabla ya mvuke aliwaona wagonjwa mia mbili na kumi. Waliokubali kuzibwa baada ya kuzungumza naye walikuwa mia moja ishirini na sita. Baada ya mvuke aliwaona tisini. Waliokubali walikuwa thelathini na sita.

Kwa lugha nyepesi, zamani kati ya kila kumi alikuwa akiwapata sita. Sasa alikuwa akiwapata wanne.

Alirudia hesabu mara tatu. Alitafuta kama umri wa wagonjwa umebadilika, kama siku za zamu zimebadilika. Hakuna kilichobadilika. Alipima uwezekano wa tofauti hiyo kutokea kwa bahati tu, akaona ni mdogo mno. Asubuhi yake alipeleka karatasi kwa msimamizi wake.

Msimamizi, profesa mwenye nywele nyeupe na meno yake yote, aliisoma akiwa amesimama. “Hili si swali la tasnifu yako,” alimwambia. “Unapima vizibo. Hujipimi wewe.”

“Lakini meno yanatoka wapi, Profesa?”

“Kwa watu waliokataa.”

“Ndiyo. Na mimi ndiye niliyezungumza nao.”

Profesa alimrudishia karatasi. Alimshauri alale.

Hakulala sana. Alimfuata mwanafunzi mwenzake anayefanya kazi kwenye kiti cha pili, ambaye yeye humwita Jirani, akamwomba amsikilize kwa wiki moja anavyoongea na wagonjwa. Jirani ni mtu wa maskhara, lakini kazi hiyo aliifanya vizuri. Ijumaa alimpa majibu wakiwa wanaosha mikono.

“Unasema kweli tupu,” Jirani alimwambia. “Sina neno lako hata moja la kukamata. Ila zamani ulikuwa unasema, ‘Jino hili linapona.’ Sasa unasema, ‘Jino hili linaweza kuzibwa, lakini ukitaka kung'oa ni haki yako.’”

“Si ni haki yao?”

“Ni haki yao. Halafu kitu kingine. Zamani ulikuwa unakaa.”

“Nakaa vipi?”

“Ulikuwa unavuta kile kigoda, unakaa, ndiyo unaongea. Siku hizi unaongea umesimama, mkono mmoja umeshika faili. Hata mimi ningekuwa mgonjwa ningesema ning'oe niondoke, daktari ana haraka.”

Maji yaliendelea kutiririka. Jirani ndiye aliyefunga bomba.

Anachosisitiza mwanamke huyu ni kwamba hakuamua. Hakuna siku aliyoamka akasema leo nitawaacha wang'olewe. “Ningeamua, ningejua cha kuacha,” anasema. “Mimi nilikuwa nahesabu tu yaliyobaki. Kumi. Saba. Matano. Nadhani hesabu ilikuwa inaongea kabla yangu.”

Mama yake, mpishi wa shule, alipoteza magego kumi na moja kabla hajafika miaka arobaini. Hutafuna kwa meno ya mbele, kama sungura, na mwenyewe ndivyo anavyosema. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna jino linalozibwa. “Wakati wetu ulikuwa unafungua mdomo, unatoka mwepesi,” anasema mama huyo akicheka, mkono ukiwa mdomoni. Binti alichagua kazi hii akimtazama akila.

Kila Jumapili mama hupiga simu, na swali la kwanza siku hizi ni moja. Wiki tatu zilizopita lilikuja hivi:

“Yamefika mangapi?”

“Ishirini na nane, mama.”

“Yamebaki?”

“Matatu.”

“Matatu tu? Si wenyewe ndio wanaokuja kusema ng'oa? Waache wang'olewe, mwanangu, umalize upumzike. Mimi yangu kumi na moja yalitoka, na nimekusomesha.”

Binti alimuuliza kama paa bado linavuja.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, aliingia fundi makochi. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, vumbi la sponji kwenye nyusi, kiganja kikiwa kimebana shavu la kushoto.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, daktari. Sina mengi. La nyuma huku. Ng'oa.”

Alimlaza, akawasha taa, akatazama. Gego la chini, kubwa, pana. Shimo lilikuwa la ukubwa wa punje ya harage. Alipuliza hewa baridi, mzee akaruka kwenye kiti. Jino lilikuwa hai. Uozo haukuwa umefika ndani. Kama lingeelekea chumba namba tatu, lingekuwa la ishirini na tisa.

Alivuta kigoda kwa mguu, akakaa. Macho yao yakawa sawa.

“Mzee, jino hili linapona.”

“Lipone lisipone, nina kochi la mtu linaningoja.”

“Misumari unaishika kwa meno ya upande gani?”

“Misumari gani? Nani kakwambia nashika misumari?”

“Meno yako ya mbele yana vipengo viwili vidogo. Ni mafundi makochi na mafundi viatu tu ndio walio navyo.”

Mzee alimgeukia Jirani kwenye kiti cha pili. “Huyu daktari au mpelelezi?”

“Mpelelezi,” Jirani alisema bila kuinua kichwa. “Na hapokei rushwa. Sisi wenyewe tumeshindwa.”

“Sikiliza, binti yangu,” mzee alirudi kwenye hoja. “Mimi nina meno thelathini. Likitoka moja ni kama kochi kukosa msumari mmoja. Nani atajua?”

“Ukitoa msumari mmoja wa pembeni, kitambaa kinafanyaje?”

Mzee alifikiri. Katika hilo hakuweza kudanganya. “Kinaanza kulegea.”

“Na msumari wa jirani yake?”

“Unabeba mzigo wa mwenzake. Nao unatoka,” mzee alisema. “Sasa unanipiga kwa nyundo yangu mwenyewe.”

Foleni ya korido ilikuwa imefika mlangoni. Sauti ya mwanamke ikapenya: “Jamani, huko ndani wanang'oa au wanaposa?”

Watu walicheka. Bi Chupa hakugeuka. Alimweleza mzee kwamba itakuwa leo na siku nyingine moja, wiki tatu zijazo, asubuhi na mapema kabla hajafungua karakana. Alimwonyesha jino kwenye kioo. Mazungumzo yalichukua dakika ishirini na tano. Kuziba kulichukua arobaini.

Mzee alipoondoka, Jirani alisogea na kunong'ona. “Uliona ukubwa wa lile gego?”

“Niliona.”

“Bi Chupa, lile lilikuwa lako kabisa.”

“Nimesema niliona.”

Tangu siku hiyo amewaona wagonjwa kumi na wanne wa aina hiyo, wote akiwa amekaa. Tisa wamekubali kuzibwa. Watano walikataa, wakaenda chumba namba tatu. Wawili kati yao hawakutaka kuacha meno yao. Mmoja wa hao wawili aliondoka nalo mfukoni. Mawili, yalipotoka, yalionekana yameoza kuliko ilivyodhaniwa. La tano lilivunjikia kwenye koleo. Chupa imebaki pale pale.

Aliandika barua kuomba miezi mitatu zaidi. Jibu lilikuja Jumatatu hii, aya moja. Miezi iliyoongezwa baada ya mvuke ilitosha, na utaratibu hauruhusu nyongeza ya pili. Tasnifu iingie kabla ya mwisho wa mwezi, au usajili wake wa uzamili ufutwe.

Ataiwasilisha ikiwa na meno mapya ishirini na nane badala ya thelathini na moja. Profesa amemweleza wazi kwamba watahini wanaweza kuirudisha kwa upungufu huo, na ikirudi, muda wa kuirekebisha haupo. Miaka mitatu ya jioni itabaki kuwa miaka mitatu ya jioni.

Kuna suala la pili, na kwa hilo hawajaelewana. Ameongeza ukurasa. Unaeleza kitambaa cha kijani, na chini yake kuna jedwali dogo la sita kati ya kumi na wanne kati ya kumi.

“Utoe,” Profesa alimwambia. “Watahini wakiuona wataacha kuuliza habari za vizibo. Watakuuliza wewe.”

“Waniulize.”

“Na utawajibu nini?”

Aliurudisha kwenye tasnifu. Ukurasa bado upo.

Asubuhi hii fundi makochi amerudi kama alivyoahidi, wa kwanza kwenye foleni. Anafungua mdomo, kizibo kinaguswa kwa ncha ya chuma, pembeni na juu. Kimeshika.

“Misumari umeacha kuishika kwa meno?”

“Nimehamishia kulia.”

“Mzee!”

“Binti yangu, jino umelitibu. Kazi yangu hujaitibu.”

Anaandika kwenye daftari lake: wiki tatu, kimeshika. Ni daftari jipya, lenye kurasa chache zilizoandikwa. Wale tisa wamo wote, kila mmoja na aina ya kizibo chake na tarehe ya kurudi, na fundi makochi anawatangulia. Halitakuwa sehemu ya tasnifu, kwa sababu kamati haijaliona. Akimaliza mafunzo, anapanga kuomba kazi katika kliniki ndogo, kati ya zile zisizo na umeme, na kuwasilisha maombi mapya ya utafiti kutoka huko.

“Swali ni lile lile, kipi kinashika,” anasema. “Nitaliuliza kwa meno ambayo bado yamo midomoni mwa watu. Itachukua miaka mingi zaidi. Lakini hapo, mtu akinisikiliza, namba ya meno ya utafiti inapanda.”

Kama watampokea hajui. Mwenye shahada moja, aliyeshindwa ya pili, si wa kwanza kuitwa kwenye orodha yoyote.

Korido imejaa. Mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni anaingia akiwa amebana shavu, na kabla hajafika kwenye kiti amekwisha kusema: “Mimi nimekuja kung'oa.”

Bi Chupa anaweka faili mezani. Kigoda kiko mbali, upande wa Jirani. Anakwenda kukichukua.